Kidonda Kilichokaa Mpakani mwa Kitovu

Kwa muda mrefu nilisali nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu, cha aina ile inayokodishwa kwa harusi na misiba, na nilikichukia kiti kile kuliko inavyompasa muumini kukichukia kitu kisicho na roho. Hakikuwa na kosa. Kilinibeba sala zote bila kulalamika, isipokuwa kilitoa mlio mdogo nilipoegemea upande wa kushoto, na mlio huo siku zote ulitokea wakati msikiti mzima umenyamaza.

Sheria inamruhusu mgonjwa kusali amekaa. Nimewafundisha watu hivyo miaka mingi hapa kijijini kwetu Kwedizinga, na niliwafundisha kwa sauti ya mtu mwenye mgongo mzima. Lakini wenzangu waliposhuka kusujudu, mimi nilibaki juu peke yangu nyuma ya safu, nimeinamisha kichwa kidogo kama mtu anayetafuta miwani yake mapajani. Mbele yangu zilikuwa nyayo tupu. Nikaanza kuwajua watu kwa nyayo: huyu ana magaga, huyu soksi imetoboka, huyu ametoka bondeni na hakuosha tope vizuri. Hayo si mambo ya kuwaza mbele ya Mola wako. Niliomba jambo moja tu, na nililiomba kila siku: niliweke paji langu la uso chini mimi mwenyewe, kabla watu hawajaja kunilaza chini mzima mzima.

Chanzo cha yote kilikuwa muhogo. Udongo wa shamba letu huushika muhogo kama mali ya urithi, na siku hiyo nilipata mmoja uliogoma. Niliuvuta, ukakataa. Nikasema bismillahi, nikauvuta tena kwa mikono miwili. Ukatoka wote kwa mpigo mmoja, mrefu na mzuri, na papo hapo kitu mgongoni mwangu nacho kikatoka. Nilibaki nimeinama na muhogo mkononi, namshukuru Mungu kwa kimoja na namuuliza juu ya kingine.

Baada ya hapo mgongo wenyewe haukuuma sana. Kilichouma ni mguu. Moto ulianza tako la kushoto, ukashuka nyuma ya paja, ukazunguka muundi kwa nje, ukaishia kwenye kidole gumba cha mguu, na hapo ukageuka ganzi. Mke wangu, ambaye kwao ni Kerenge huko Korogwe, haamini sana maumivu yasiyo na damu. Hata hivyo alinichua kwa mafuta ya nyonyo, akanifunga mkanda wa kanga kiunoni, akanilaza sakafuni kwenye mkeka. Kulala kwenye mkeka kulinifaa. Kuinuka kwenye mkeka ndiko kulikuwa shughuli ya familia nzima.

Hapa lazima nimwingize binamu yangu, maana hata nisipomwingiza ataingia mwenyewe. Ni mtoto wa mjomba wangu, tumekua pamoja, na kwa desturi yetu utani baina yake na mimi hauna ruhusa wala likizo. Nilipompa habari ya ugonjwa alisikiliza vizuri, halafu akasema, kwa namna tunavyoitana wanaume wa kwetu:

"Mgosi, unaniambia mguu ndio unaouma, lakini mwenye kosa ni mgongo?"

"Ndivyo wanavyosema zahanati."

"Ninyi wasomi wa dini mna hukumu za ajabu. Mimi ningeufunga mguu."

Ni yeye aliyeleta habari kwamba madaktari bingwa wanakuja kwa muda katika hospitali moja huko Korogwe, na ni yeye aliyenisindikiza. Daktari wa mifupa na mishipa ya fahamu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alituamkia shikamoo kwa heshima, tukaitikia. Mezani kwake palikuwa na uti wa mgongo mzima, pingili juu ya pingili, umesimamishwa kwenye kigingi cha chuma. Binamu aliutazama muda mrefu bila kukaa.

"Huyu naye alikuwa mgonjwa wenu?" akauliza.

"Ni plastiki, mzee."

"Alhamdulillahi," binamu akasema, na ndipo akakaa.

Daktari alinipima, akaniinua mguu nikaona nyota mchana, akanipeleka kwenye picha za mashine kubwa, zile ambazo mtu anaingizwa ndani kama mkate kwenye tanuri na kuambiwa asitikisike wakati chuma kinampigia kelele masikioni. Picha ziliporudi alituonyesha. Alisema kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kinachoitwa diski, kinachozuia mifupa isisagane. Moja ya diski zangu za chini ilikuwa imetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni.

Binamu aliinua mkono kama mwanafunzi. "Daktari, sisi ni wakulima. Diski tunazozijua zinakaa nyuma ya trekta, zinalima."

"Hata hizi zinakaa nyuma, mzee."

"Sasa ya kwake imechomoka?"

"Imechomoka kidogo."

"Inakazwa kwa spana?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo namwombea kheri mpaka leo. Alisema kuna upasuaji wa tundu dogo. Hawamfungui mtu mgongo mzima kama zamani. Wanatoboa sehemu ndogo kiasi cha upana wa ukucha, wanapitisha mrija mwembamba katikati ya misuli bila kuikata, ndani ya mrija wanapitisha kamera, na kwa kutazama kwenye skrini wanakinyofoa kile kipande kinachobana mshipa. Mgonjwa husimama na kutembea mapema, na misuli haijajeruhiwa sana. Alisema pia, kwa uwazi, kwamba si kila mtu hupona yote, na kwamba ganzi ikikaa sana kwenye mshipa huweza kubaki.

Mimi nilikuwa na swali moja. "Mwanangu, nitaweza kusujudu?"

Alizitazama tena zile picha. "Natumaini, mzee. Siwezi kukuapia. Lakini ukiacha hivi, itazidi kuwa vigumu."

Basi nikakubali. Tukapelekwa hospitali kubwa ya mjini Dar es Salaam, ambako yeye na wenzake ndiko wanakofanyia kazi hiyo, na juu ya siku ya upasuaji nina jambo moja tu la kusimulia, maana mengine yote nililala.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Nilimwomba mtaalamu wa dawa ya usingizi aniache niseme shahada kwanza, ili nikienda moja kwa moja niwe nimejiandaa. Akasema hakuna shida, anza tu. Nikaanza. Sasa kila aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba shahada ina mahali pabaya pa kusimama. Ukisimama kwenye "hapana mungu" na usifike kwenye "ila Mwenyezi Mungu," umesema jambo la kutisha kabisa. Dawa ile ina nguvu ambayo sikuitegemea. Usingizi ulinichukua hapohapo, katikati, kwenye lile neno.

Nilipozinduka sikuuliza kama mgongo umepona. Sikuuliza saa. Nilikumbuka niliposimama, nikaogopa kwelikweli, nikamalizia kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Ila Mwenyezi Mungu." Wodi nzima ya wanaozinduka iligeuka. Muuguzi alikuja mbio. Mzee mmoja wa kitanda cha jirani, ambaye baadaye niligundua kwamba ni mzee wa kanisa, akaitikia "Amina" kwa unyenyekevu mkubwa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo, na nimetulia. Mola anayeijua nia ya mtu anajua pia sentensi ilikuwa inaelekea wapi.

Baada ya hofu ile kupita, niliutafuta mguu wa kushoto. Ulikuwepo, na ulikuwa umenyamaza. Sijui nieleze vipi. Ni kama jirani aliyekuwa akipiga muziki usiku na mchana amehama, na wewe umekaa ukisikiliza ukimya. Jioni hiyo walinisimamisha, nikatembea hadi dirishani. Nililia kidogo, nikasingizia dawa.

Niliruhusiwa na masharti. Nisiiname kwenda mbele. Nisinyanyue kitu kizito kuliko birika. Nisikae muda mrefu. Nisikandwe wala kuchuliwa mgongo na mtu yeyote, hili daktari alilirudia akinitazama machoni, kwa sababu ile sehemu ya diski ilikuwa bado changa na ikisukumwa vibaya kipande kingine kinaweza kutoka. Kusujudu bado, mpaka anione tena Korogwe. Nikarudi Kwedizinga nimesimama wima kama mwanajeshi wa gwaride, na nikarudi kwenye kiti changu cha bluu, lakini safari hii nikiwa na matumaini.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Kwetu mtu akitoka hospitali watu huja kumjulia hali, na hilo ni jambo jema linalompendeza Mungu. Lakini upasuaji una desturi yake ya ziada. Mgonjwa anatakiwa aonyeshe kovu. Binamu yangu alipasuliwa kidole tumbo miaka mingi iliyopita, na mpaka leo akikaa na watu wapya nusu saa, shati limeshapanda juu. Nimemkemea mara nyingi. Kovu lake linafanana na zipu ya begi la safari, na watu hulitazama kwa heshima na kusema pole kana kwamba ni la jana.

Wageni wa kwanza walikuwa wanawake, wakamuuliza mke wangu, kwa kuwa ndiye anayenisafisha kidonda. Mke wangu hasemi uongo na hapambi maneno.

"Kakidonda kenyewe kama ukucha," akawaambia. "Plasta yake ndogo kama kifuniko cha soda."

Mmoja akauliza kwa upole, "Na sehemu nyingine?"

"Hakuna sehemu nyingine."

Habari ilizunguka kijiji kabla uji haujapoa. Mzee hakupasuliwa. Mzee amesafirishwa mpaka Dar es Salaam, amechomwa sindano, amerudishwa. Wamemwonea kwa kuwa ni mtu wa dini, haulizi maswali. Niliporudi msikitini nikawaona watu wananipa pole kwa sauti mbili, moja ya ugonjwa na nyingine ya kudanganywa. Fundi anayejenga choo kipya cha msikiti alinitazama nilivyotembea vizuri, akanisogezea ndoo ya mchanga. Nilipokataa alisema, "Sawa, mzee," kwa namna ambayo "sawa" haikuwa na usawa wowote.

Binamu alikuja jioni na suluhisho. "Waonyeshe," akasema. "Wanaume kumi wakiona, yameisha."

"Kiko chini ya kiuno."

"Chini kiasi gani?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Mwanamume anatakiwa asitiri kuanzia kitovu hadi magotini. Daktari na muuguzi wanaruhusiwa kuona kwa dharura ya tiba. Mke hana mpaka kwa mumewe. Lakini jirani anayetaka tu kushinda ubishi si dharura ya aina yoyote, nimetafuta kila mahali. Kwa hiyo, kama kidonda kiko juu ya usawa wa kitovu, ninaweza kukionyesha kwa kijiji kizima. Kama kiko chini, siwezi. Na mimi sikuwa nimewahi kukiona.

"Tupime," binamu akasema.

"Wewe huwezi kupima. Ukipima umeshaona, na tunapima ili kujua kama unaweza kuona."

Akafikiri. "Basi apime shemeji."

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama chumbani, shati nimelipandisha, mke wangu ana kamba ya katani mkononi, na binamu yuko upande wa pili wa pazia akitoa maelekezo kama msimamizi wa barabara.

"Anzia kitovuni, shemeji. Izungushe mpaka nyuma, usiikunje. Imefika?"

"Imefika," mke wangu akasema.

"Kidonda kiko wapi?"

"Kiko kwenye kamba."

"Juu ya kamba au chini?"

"Kwenye kamba."

Tukapima tena. Mke wangu akagundua kwamba nikivuta pumzi tumbo linapanda, kamba inapanda, na kidonda kinaingia ndani ya mipaka ya kusitiriwa. Nikishusha pumzi tumbo linateremka, kamba inateremka nalo, na kidonda kinabaki nje, huru.

"Basi imekwisha," binamu akasema kwa furaha. "Atatoa pumzi, watu wapite waone."

"Kijiji kizima kipite nimeshikilia pumzi?"

"Kwa mafungu."

Halafu likaja jambo zito zaidi. Kitovu changu cha leo si kitovu cha ujana wangu. Tumbo limeshuka kwa umri na kwa bada, ugali wetu wa muhogo. Je, mpaka ni kitovu kilipo, au kilipokuwa? Nilikaa na swali hilo siku nzima, na nakiri nililifurahia, kwa sababu lilikuwa na ladha ya masomo ya zamani. Mke wangu alisema kwamba kama ni kitovu cha ujana, yeye anakikumbuka vizuri kilipokuwa, na yuko tayari kutoa ushahidi. Binamu akacheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Mwishoni nikashika njia ya tahadhari, kama walimu wangu walivyonifundisha: jambo likiwa na shaka, liache. Kidonda kikabaki kimefunikwa, na kijiji kikabaki na imani yake.

Laiti ingeishia hapo. Lakini binamu, pamoja na utani wake wote, ananipenda, na mtu anayekupenda akiwa na hakika kwamba umetibiwa nusu hutafuta wa kumalizia nusu ya pili. Asubuhi moja pikipiki ilisimama uani, akashuka fundi wa viungo kutoka Kwaluguru. Ni mtu maarufu. Bega likiteguka, kifundo kikihama, watu humwita yeye. Alikuwa na chupa ya mafuta mfukoni na viganja vipana kama sahani za chuma. Alinipa mkono, na vidole vyangu vikaalika vyote.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nimeletwa na binamu yako. Ni zawadi, usihangaike na chochote."

Binamu alisimama nyuma yake akitabasamu kama baba wa bwana harusi.

Nilieleza kwamba nimepasuliwa na nimekatazwa kukandwa. Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa subira ya mtu aliyeshasikia kila kitu.

"Hospitali wamefungua mlango, mzee. Sasa mtu wa kurudisha vitu mahali pake ndani yuko wapi?"

"Kidonda kiko mahali pa kusitiri," nikasema, nikitumia silaha yangu bora.

"Nitakanda juu ya nguo."

Silaha ikaisha. Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa. Mgeni ametoka mbali, amekuja kwa heshima, kwa kutumwa na ndugu yangu wa damu. Kumfukuza si adabu ya kwetu, na mdomo wangu haujui maneno ya kumfukuzia mtu. Lakini nilivitazama viganja vile, nikaiona sijida yangu chini yavyo ikipondwa kama muhogo kwenye kinu. Mkeka ulishatandikwa. Fundi alishakunja mikono ya shati. Alisema nilale kifudifudi, na mimi nilikuwa natafuta aya, hadithi, chochote.

Mke wangu alitoka jikoni anajifuta mikono.

"Karibu, fundi," akasema. "Mmeshamwambia habari ya kamera?"

Fundi akasimama na mafuta kiganjani. "Kamera gani, mama?"

"Walimwingiza kamera humo mgongoni."

"Kamera?"

"Kwenye mrija. Daktari mwenyewe alisema, hata shemeji alikuwepo."

Fundi akamgeukia binamu. Binamu, ambaye hakuona mtego, akathibitisha kwamba ndiyo, kamera, wanatazama kwenye skrini.

"Na ilitoka?" fundi akauliza.

"Mimi sikuwepo," mke wangu akasema.

Na kweli hakuwepo. Saa ya upasuaji alikuwa barazani pale hospitali na mabinti zetu, anasoma uradi. Fundi aliurudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyetaka kushika pasi akakumbuka ina moto. Alinizunguka, akautazama mgongo wangu kwa mbali, upande huu na upande ule, na nikaona amejiweka shati sawa na kufunga kifungo cha juu.

"Hicho ni chombo cha serikali," akasema kwa sauti ya chini. "Kikivunjika nitasema nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli wote. Mke wangu akanipa kikombe cha chai. Chai ilikuwa ya moto sana, ikabidi niipulize kwanza, na kufikia mwisho wa kupuliza mambo yalikuwa yameshachukua njia nyingine. Maana fundi hawezi kutoka Kwaluguru kuja Kwedizinga na kurudi bila kukanda mtu. Mafuta yameshamwagwa kiganjani. Akamtazama binamu.

"Wewe unatembea umeinamia kulia," akamwambia.

"Mimi mzima kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, ndivyo ninavyotembea."

"Umechelewa kutibiwa," fundi akasema, akaupigapiga mkeka.

Binamu alinitazama mimi. Nikamkumbusha kwamba ni zawadi, na zawadi haikataliwi. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba kuku walihama ua, na kwamba mtu yule, ambaye kwa maisha yake yote sikuweza kumfanya arefushe dua, aliwataja mitume wengi asubuhi ile. Alipoinuka alikuwa mrefu kidogo. Mpaka sasa hawezi kuamua kama alitendewa mema au mabaya.

Kesho yake nilimtumia fundi ujumbe kwamba kamera ilitolewa, nimemuuliza daktari kwa simu, na kwamba namshukuru kwa safari. Alijibu kwa adabu kwamba amefurahi kusikia, ila yeye mgongo wangu hataugusa, heri awe na uhakika. Nilimwombea baraka na nikayashika masharti yangu. Nililala kama nilivyoagizwa, nilitembea kama nilivyoagizwa, nilikaa kwenye kiti cha bluu nikazitazama nyayo. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kidole gumba kilikuwa bado na ganzi, na asubuhi nyingine mgongo ulikaza. Kila nilipoona wenzangu wanashuka nilijiuliza kama mimi ni katika wale ambao daktari alisema hawaponi yote.

Siku ya kurudi Korogwe ilifika, nikaenda na binamu. Daktari alinikandamiza hapa na pale, akaniinua mguu, na sikuona nyota. Akaniambia nitembee kwa visigino, nikatembea. Kwa vidole, nikatembea. Akakitazama kidonda na kusema kimefunga vizuri sana, mpaka nikaona fahari juu ya kitu nisichokijua.

"Ganzi ya kidole inaweza kuchukua muda zaidi," akasema. "Lakini sasa unaweza kuanza kuinama, mzee, taratibu."

"Na kusujudu?"

"Sijui vizuri mnavyokwenda. Nionyeshe, nione mgongo unafanya nini."

Nikasimama, kisha nikasita. "Mwanangu, sijida haifanywi kwa mfano. Mtu akishuka, ameshuka kweli."

"Basi shuka kweli."

"Sina udhu."

Daktari alitazama mlango. Nje palikuwa na foleni. Akavuta pumzi. "Bomba lipo pale nje, mzee. Fanya haraka."

Nikatawadha kwenye bomba lile la nje, muuguzi ananishikia kofia. Niliporudi, binamu alikuwa ameshaanza kuhamisha samani. Korogwe kibla ni rahisi, ni kaskazini, upande wa milima, na milima ilionekana dirishani. Tatizo ni kwamba daktari alikuwa amekaa hapo hapo chini ya dirisha, nyuma ya meza yake, mbele yangu kabisa.

"Daktari, utasamehe," binamu akasema. "Ukikaa hapo itaonekana mzee anakusujudia wewe."

"Nihame?"

"Kidogo tu. Na huyu wa plastiki naye tumgeuze."

Daktari akasimama pembeni ya kabati, amekumbatia uti wa mgongo wa plastiki. Binamu akavua shuka lake la begani akalitandika sakafuni. Nikasimama juu yake. Sikuwa na haraka, na nilikuwa naogopa. Nilinuia sijida ya kushukuru. Nikasema Allahu Akbar, nikapiga magoti, goti moja, la pili. Nikaweka mikono. Mgongo ukasema kitu kidogo, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi, kisha ukanyamaza. Nikateremka, nikateremka tena, nikisubiri ule moto. Paji la uso likagusa shuka.

Sakafu ilinukia dawa ya kusafishia. Chini ya kabati niliona kifuniko cha kalamu na vumbi ambalo mfagio haulifikii. Nilifumba macho.

Nikasikia mlango unafunguliwa. Sauti ya mama mmoja wa kwenye foleni ikauliza, "Mzee ameanguka?"

"Hajaanguka," binamu akasema. "Ametelemka mwenyewe."

"Mbona hainuki? Daktari, amekufa?"

"Anapumua, namwona mgongo," daktari akasema. "Mzee, kuna maumivu?"

Sikuweza kumjibu, maana nilikuwa nazungumza na mwingine. Binamu akamwambia amwache, kwamba mtu huyu amekaa kitini muda mrefu na ana mengi ya kusema. Akalisema hilo bila utani hata chembe, akapenga kamasi. Nikasema niliyokuwa nayo, mengine kwa Kiarabu na mengine kwa Kizigua, halafu nikainuka bila kushika meza. Daktari akauweka uti wa mgongo mahali pake, akafuta macho kwa mkono wa koti, akamwita mgonjwa mwingine.